Kusali Ukitembea: Namna ya Kuunganisha Ibada na Mazoezi

Wengi wanaoniomba ushauri hupanga sala kivyake na mazoezi kivyake, na siku ikibana kimoja huachwa. Mimi huviunganisha katika matembezi ya kasi.

Hatua ya 1: Nia

Kabla ya kuvaa viatu, jiambie kwa nini unautunza mwili huu. Mimi hunitosha kujua kwamba ni amana. Ila usitie kilo ndani ya maombi: mizani ikigoma kushuka, utadhani hukusikilizwa, na utaacha vyote. Lengo liwe muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unampendekezea mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anza na nusu saa, siku tano.

Hatua ya 2: Simu mfukoni

Izime sauti. Ukitaka kuhesabu, tasbihi au rozari inatosha.

Hatua ya 3: Maneno yafuate pumzi

Hapa ndipo watu hukwama. Mtu huchukua sala ndefu na kuilazimisha iendane na hatua zake; muda si mrefu anahema, kwa kuwa anabana pumzi ili amalize mstari.

Chagua kifungu kifupi: dhikri, mstari mmoja wa zaburi, au jina la Mungu tu. Dakika tano za mwanzo tembea kimya mpaka mwili upate joto, ukisikiliza pumzi inavyokuja yenyewe. Kisha nusu ya kifungu iseme kimoyomoyo ukivuta pumzi, na nusu nyingine kwa sauti ya chini ukiitoa. Kwenye mwinuko pumzi hufupika. Acha na maneno yafupike, hata libaki neno moja.

Sala hiyo ndiyo kipimo chako cha kasi. Ukiweza kutamka sentensi nzima lakini kuimba kukakushinda, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Maneno matatu yakikushinda, punguza.

Ukimaliza, kaa urudie kifungu kilekile polepole. Utafiti uliochapishwa katika British Medical Journal mwaka 2001 ulionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini, au kurudia mantra za yoga (maneno mafupi yanayosemwa tena na tena), hushusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika. Nasisitiza: hiyo ni pumzi ya mtu aliyetulia. Usiitafute ukiwa njiani, utapata kizunguzungu.

Hatua ya 4: Mazoezi ya nguvu

Siku mbili kwa wiki. Hapa sali kabla na baada, si katikati. Unaponyanyua kitu kizito akili yote iwe mgongoni, na pumzi uitoe wakati wa kunyanyua.

Hatua ya 5: Siku za kufunga

Tembea taratibu, karibu na saa ya kufungua, ili maji yawe karibu. Mwenye kisukari anayetumia insulini aonane na daktari kabla mfungo haujaanza. Ukianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba au kuchanganyikiwa, fungua hapohapo.