Jinsi ya kumsoma Machiavelli usiishie kwenye kauli moja ya kuogopwa

Wengi wanamjua Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia ya zamani, kwa kauli moja tu, kwamba heri mtawala aogopwe kuliko apendwe, wanaipost status, wanaitumia kumtetea bosi mkali au mwanasiasa katili, basi imeisha. Sasa sura hiyohiyo ya 17 ya kitabu chake Il Principe yenye hiyo kauli ukishuka chini kidogo inasema ukishindwa kupendwa hakikisha angalau huchukiwi, usiguse mali za raia wako wala wanawake wao, kwa sababu mtu husahau haraka kifo cha baba yake kuliko kunyang'anywa urithi. Yani kuogopwa sawa, kuchukiwa hapana. Na sura ya 20 anarudia tena kwamba ngome nzuri kuliko zote ni kutochukiwa na wananchi. Inaniuma kuona mtu aliyefikiria kwa kina hivi anageuzwa kuwa mwalimu wa ukatili, ndo maana naandika haya.

Kabla hujafungua kitabu chenyewe soma kwanza maisha yake, hata nusu saa inatosha, maana ukimsoma kama mtu asiye na historia utamkosa kabisa. Alizaliwa Florence mwaka 1469. Italia wakati ule haikuwa nchi moja, kulikuwa na Florence, Milan, Venice, Naples na dola ya Papa, wanapigana wenyewe kwa wenyewe alafu Wafaransa na Wahispania wanaingia na kutoka na majeshi. Mwaka 1498 aliingia serikalini Florence, ilikuwa jamhuri, akafanya kazi miaka kama 14, katumwa kwa wafalme, kwa Papa, kakaa karibu na Cesare Borgia, mtoto wa Papa aliyekuwa anateka miji ya Italia, akimwangalia anavyofanya kazi. 1512 familia ya Medici ikarudi madarakani, akafukuzwa kazi, na mapema 1513 akakamatwa kwa tuhuma za njama, akateswa, wanakufunga mikono nyuma wanakuvuta juu kwa kamba wanakuachia ghafla. Alipotoka akaenda kukaa shamba nje ya mji, na huko ndo akaandika Il Principe, kitabu cha mtawala. Kwa hiyo anayeandika kuhusu ukatili ni mtu ambaye ukatili wenyewe ulishapita kwenye mabega yake. Akafa 1527, kitabu kikachapwa 1532, na 1559 Kanisa likaviweka vitabu vyake kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku.

Sasa kusoma kwenyewe. Kama unasoma Kiingereza kuna tafsiri ya zamani ya W. K. Marriott iko bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kitabu ni kifupi, sura 26, nyingine kurasa mbili tatu tu. Ushauri wangu usianze sura ya kwanza, zile za mwanzo zinahusu aina za dola na wengi wanachoka hapo wanaacha. Anza 15 mpaka 18, ndo moyo wa kitabu, alafu rudi 6 mpaka 9, malizia na 25. Zingine utasoma baadae ukishapata hamu.

Kwenye sura ya 15 anasema kitu ambacho ukikishika vizuri yanayofuata yote yanakaa sawa: wengi wameandika kuhusu dola za kufikirika ambazo hazijawahi kuonekana, yeye anataka kuandika mambo yalivyo, kwa sababu namna watu wanavyoishi iko mbali sana na namna wanavyopaswa kuishi, na mtu anayetaka kuwa mwema kwenye kila jambo katikati ya wengi wasio wema ataangamia. Angalia vizuri hapo, hajasema wema ni upuuzi, hajasema ubaya ni uzuri. Anaendelea kuita ubaya ubaya, ila anasema mtawala ajue kuutumia pale panapolazimu. Unaweza kumpinga, mi mwenyewe kuna sehemu nampinga, lakini mpinge kwa alichosema. Ile kauli ya kwamba lengo linahalalisha njia kwa maneno hayo haimo kwenye kitabu, kilichopo ni sura ya 18 anaposema watu huangalia matokeo, hasa kwa watawala ambao hakuna mahakama ya kuwashtaki. Hapo anaeleza watu wanavyohukumu, na ni kweli kwamba anamshauri mtawala autumie huo udhaifu wao.

Kuhusu hulka ya binadamu utakutana na maneno makali, kwamba watu hawana shukrani, ni vigeugeu, wanafiki, waoga wa hatari na wenye tamaa ya faida. Ukifika hapo usikimbilie kusema jamaa anachukia watu. Fungua kitabu chake kingine kirefu, Discorsi, kinachohusu Roma ya kale, kitabu cha kwanza sura ya 3, anasema anayetunga sheria lazima achukulie kwamba watu wote ni waovu na wataonyesha uovu wao wakipata nafasi. Hiyo ni kanuni ya kujenga dola, unapanga ukitegemea mabaya ili usije kushangazwa. Alafu rudi sura ya 9 ya Il Principe, anasema wakubwa wanataka kukandamiza, wananchi wanataka tu wasikandamizwe, na nia ya wananchi ni ya haki zaidi. Kwa mtu anayeambiwa ni mshauri wa madikteta hayo ni maneno mazito sana.

Dini ndo sehemu watu wanakurupuka zaidi, hapa soma taratibu. Machiavelli haulizi dini ipi ni ya kweli, anauliza dini inawafanyia nini watu wanaoishi pamoja. Kwenye Discorsi anamsifu Numa, mfalme wa kale wa Roma, kwa kutumia dini kuwatuliza watu wakali wakatii sheria. Kanisa la Roma la zama zake analishambulia wazi, kwamba mfano mbaya wa viongozi wake umewaacha Waitalia bila dini, na kwamba lilikuwa dhaifu mno kuiunganisha Italia lakini lina nguvu ya kutosha kumzuia mwingine asiiunganishe. Analalamika pia kwamba Ukristo ulivyofundishwa umewatukuza wapole na wanaotafakari kuliko watu wa vitendo, ila anaongeza kosa ni la waliouelewa kwa uvivu, na hicho kipande cha mwisho wanaomnukuu wanakiruka. Kiko Discorsi kitabu cha pili sura ya 2, kasome mwenyewe.

Hiyo Discorsi usiogope ukubwa wake, chukua kitabu cha kwanza sura ya 4, anaposema ugomvi wa wakubwa na watu wa kawaida ndo ulioiletea Roma uhuru, na sura ya 58, anaposema umma una busara na msimamo kuliko mfalme. Ukisoma Il Principe peke yake bila hizo umemsoma nusu.

Ukishamaliza jipime na hili, ikiwezekana na rafiki mbishi. Soma sura ya 7 na ya 8 za Il Principe kwa mkupuo mmoja. Ya 7 Cesare Borgia anampa Remirro de Orco, mtu wake, mamlaka yote Romagna, jimbo la Italia, naye anaituliza kwa ukatili, alafu asubuhi moja Desemba 1502 watu wa Cesena, mji wa huko, wanamkuta Remirro uwanjani kakatwa vipande viwili, pembeni kuna gogo na kisu chenye damu, wanabaki wameridhika na wamepigwa butwaa. Machiavelli anamsifu Cesare. Ya 8 kuna Agathocles, mtawala wa kale wa mji wa Syracuse kisiwani Sicily, aliyeua raia wenzake na kuwasaliti marafiki, na kuhusu huyu Machiavelli anasema kwa njia hiyo unaweza kupata madaraka lakini sio utukufu. Bishaneni tofauti yao iko wapi. Mi naona Cesare angalau aliiacha Romagna na utaratibu uliokuwa haupo kabla, lakini Agathocles nae alitawala miaka mingi akailinda Syracuse dhidi ya Carthage, dola kubwa ya Afrika Kaskazini, na Machiavelli mwenyewe anakiri hilo, kwa hiyo jibu langu halijafunga mjadala.