Kukata rufaa ya adhabu kubwa mno New South Wales, Australia

Hesabu siku 28 tangu adhabu ilipotangazwa: huo ndio muda wa kuanza rufaa. Muda huu ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa wanasubiri nakala ya hukumu ndipo waanze. Usisubiri nakala.

Aliyekufunga akiwa hakimu wa Local Court (mahakama ya ngazi ya chini), rufaa inakwenda District Court (ngazi ya kati) na huhitaji ruhusa. Jaji anaipima adhabu upya kwa kumbukumbu za kesi, na unaweza kuongeza ushahidi. Siku 28 zikipita, omba ruhusa kabla ya miezi 3 kwisha tangu siku ya adhabu. Baada ya hapo mlango umefungwa. Rufaa peke yake haikutoi gerezani, hivyo dhamana iombwe kivyake. Jaji akikuonya kwamba anafikiria kuongeza adhabu, omba nafasi uzungumze na wakili papo hapo, maana bado unaweza kuomba kuiondoa rufaa.

Adhabu ya District Court au Supreme Court (mahakama kuu ya jimbo) inapelekwa Mahakama ya Rufaa ya Jinai, na hapo ruhusa ni lazima. Ndani ya siku 28 wasilisha notisi ya kusudio la kukata rufaa. Inadumu miezi 12, na huo ndio muda wa kupata mwenendo wa kesi na kuandika sababu za rufaa.

Kulalamika kwamba adhabu ni kali hakusaidii mbele ya mahakama hii. Tangu kesi ya House ya 1936, majaji wanataka waonyeshwe kosa: jaji alifuata kanuni isiyo sahihi, alizingatia lisilohusika, aliacha linalohusika, au alikosea ukweli wa mambo. Njia nyingine ni kudai kwamba adhabu yenyewe haiingii akilini, hata kama kosa halionekani. Hiyo ni ngumu zaidi. Kesi ya Hili ya 2010 ilisema wazi kuwa kupishana na adhabu za kesi nyingine, hata kwa kiasi kikubwa, hakutoshi. Anza na makosa mahususi. Kwa kesi ya Kentwell ya 2014, kosa la namna hiyo likithibitika, mahakama inapima adhabu upya yenyewe bila kuuliza kosa liliongeza miezi mingapi. Ikiona adhabu ndogo zaidi haistahili, rufaa inatupwa.

Shika kalamu usome maelezo ya jaji aliyotoa wakati wa kukufunga. Tazama punguzo kwanza: aliyekiri kosa katika Local Court, kabla kesi haijapelekwa juu, hupata asilimia 25; akichelewa hadi siku 14 kabla ya kesi kusikilizwa, asilimia 10; baada ya hapo 5. Jaji akianzia miaka 8, asilimia 25 inaacha miaka 6. Akikata 10 kimakosa, inabaki miaka 7 na miezi 2, yaani mtu anabebeshwa miezi 14 isiyo yake. Kisha hesabu siku za mahabusu, uone kama zimeingizwa. Mwisho tazama sehemu isiyo na parole, yaani muda wa lazima gerezani kabla ya kuweza kuachiwa kwa masharti: kwa kawaida haipungui robo tatu ya kifungo, ila jaji akikuta mazingira maalumu. Jaji akiyakubali mazingira hayo kwa maneno, halafu hesabu ikabaki robo tatu ileile bila maelezo, hoja hiyo iandikwe.

Andaa pia hati ya kiapo inayoeleza mwenendo wako gerezani: kozi, kazi, tiba. Haithibitishi kosa la jaji. Inasomwa pale tu mahakama inapopanga adhabu upya, na asiye nayo hufika hapo mikono mitupu.

Asiye raia aangalie miezi 12. Kifungo cha kiasi hicho au zaidi, ukiwa unakitumikia gerezani, kinafuta viza kwa lazima. Vifungo vinavyotumikiwa pamoja hujumlishwa: miezi 7 na miezi 7 kwa wakati mmoja ni 14 machoni pa sheria ya uhamiaji, ila jumla ya namna hiyo haifuti viza kwa lazima; inaruhusu tu ifutwe kwa uamuzi wa hiari. Ombi la kurudishiwa viza lina siku zake 28, tangu upewe notisi, na rufaa ya adhabu haizisimamishi.