Kushika noti kwenye gitaa la stili kwa kutumia droni: hatua kwa hatua

Gitaa la stili halina freti za kukuokoa. Mistari iliyochorwa shingoni, ambayo hapa nitaiita freti, ni alama tu. Noti inaamuliwa na pale chuma (kipande kizito kinachoshikwa mkononi na kulazwa juu ya nyuzi) kinapogusa uzi, na kosa la milimita moja linasikika. Dawa yake ni kupiga juu ya droni, yaani sauti moja inayoshikiliwa mfululizo chini ya unachopiga. Tyuna (kifaa cha kupimia noti) husubiri utazame sindano yake, lakini droni inakusahihisha papo hapo, mkono ukiwa bado juu ya uzi.

Namba zote hapa ni za gitaa la mapajani la nyuzi 6, mpangilio wa C6: kuanzia uzi mnene ni C E G A C E, na uzi wa 1 ndio mwembamba. Urefu wa nyuzi kutoka nati (ukingo wa mwisho wa shingo) hadi daraja (zinapoishia juu ya mwili wa gitaa) nimeuchukua kuwa inchi 22.5, sawa na milimita 571.5. Mwenye dobro (gitaa lenye sahani ya chuma ya kukuza sauti) au stili ya pedali (yenye pedali za kubadilisha noti) atabadilisha namba za nyuzi na milimita, mengine hayabadiliki. Noti nitazitaja kwa do-re-mi kama wanakwaya, do ikiwa ndiyo noti ya droni.

Hatua ya 1: Andaa droni

Weka droni kwenye F iliyo chini ya C ya kati (Hz 174.6, yaani mitetemo kwa sekunde). Sababu ya kuchagua F ni kwamba ukilaza chuma wima, yaani kikikata nyuzi kwa pembe mraba, kwenye freti ya 5 unapata do kwenye nyuzi 2 na 6, mi kwenye 1 na 5, so kwenye 4 na la kwenye 3. Mazoezi yote ya mwanzo yanafanyika mahali pamoja.

Chagua sauti ya ogani au hamonia, iliyonyooka, yenye ukali kidogo. Zima trimolo, korasi na riverb (vionjo vinavyotikisa sauti au kuipa mwangwi), kwa droni na kwa ampu ya gitaa. Sauti laini kabisa isiyo na hamoniki (sauti ndogo za juu zinazolia ndani ya kila noti), ile inayofanana na mlio wa kipimo cha redio, haifai: utakachokuwa unakisikiliza kinatokana na hamoniki, nayo haina. Programu za tanpura (ala ya nyuzi ya India ya kutolea droni) ni nzuri, na gitaa la slaidi la muziki wa kale wa India hupigwa juu ya tanpura, ila sauti yake inacheza yenyewe kila uzi unapokung'utwa. Kwa anayeanza inachanganya. Anza na ogani, tanpura utaifikia.

Iwe noti moja tu. Ukitaka ongeza so, lakini usiweke kodi nzima (noti kadhaa zinazolia pamoja), kwa sababu mi ya kinanda itakufundisha kosa ambalo hatua ya 5 inalirekebisha.

Tumia spika, siyo kipaza cha sikio moja: droni ikiingia sikio moja na gitaa sikio jingine, sauti hazikutani hewani. Spika ya simu nayo ni dhaifu kwa noti za chini. Ukubwa wa droni ulingane na uzi wako sekunde moja hivi baada ya kuupiga.

Hatua ya 2: Tuni

Tuni nyuzi zote kwa tyuna, sifuri kila moja. Tutazigusa tena baadaye. Piga kwa nguvu ile ile unayopigia wimbo, maana uzi uliopigwa kwa nguvu huanza juu kidogo kisha hushuka. Nyuzi zilizochakaa zitoe, hazina msaada hapa.

Hatua ya 3: Chuma na mkono

Chuma kishikwe kati ya dole gumba na kidole cha kati, cha shahada kikae juu. Vidole viwili vilivyobaki vilale juu ya nyuzi nyuma ya chuma, upande wa nati. Hilo si pambo. Kipande cha uzi kilicho nyuma ya chuma nacho kinalia, na isipokuwa kwenye freti ya 12, kinalia noti nyingine kabisa inayovuruga unachosikiliza.

Usikandamize. Uzito wa chuma chenyewe unatosha kabisa kwa gitaa lenye nyuzi zilizoinuliwa. Ukikandamiza, uzi unavutika na noti inapanda. Kikiwa chepesi mno utasikia kelele za mkwaruzo, na hapo ongeza mguso kidogo tu.

Hakikisha kimekaa wima dhidi ya nyuzi. Kikipinda digrii moja tu, tofauti kati ya uzi wa 1 na wa 6 ni kama milimita 0.9, na kwenye freti ya 12 hizo ni senti 5. (Senti 100 ni hatua moja ya piano, kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani.)

Hatua ya 4: Do, kisha so

Piga uzi wa 2 kwenye freti ya 5. Ukiwa nje kidogo, sauti mbili zitapwita: wau, wau, wau. Kadiri unavyokaribia mahali sahihi mpwito unapungua kasi, na ukifika unatoweka. Gitaa na droni vinakuwa kama sauti moja. Hapa kosa la milimita moja ni takriban senti 4, nalo hutoa mpwito mmoja hivi kwa sekunde. Sogeza chuma mbele na nyuma kwa makusudi mpaka utambue upande gani umepotea.

Halafu so, uzi wa 4 freti ile ile. Ukiacha chuma pale pale pa do, itapwita polepole sana, kama mara moja kila sekunde 1.7, kwa sababu so ya tyuna iko chini ya so halisi kwa senti 2. Nusu milimita mbele, yaani upande wa daraja, inatosha kuimaliza.

Hatua ya 5: Mi

Hapa ndipo jioni nzima hupotea. Do imetulia, so imetulia, chuma hakijasogea. Unapiga uzi wa 1 kwenye freti hiyo hiyo ya 5, na inapwita kama mara 7 kwa sekunde. Tyuna inasema A, sifuri, kijani kabisa. Watu hubadilisha nyuzi, hulaumu daraja, hununua chuma kipya. Hakuna kilichoharibika.

Piano hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, hivyo mi yake iko senti 400 juu ya do. Mi inayolala kimya juu ya droni ni ya uwiano wa 5 kwa 4, na huo ni senti 386. Tyuna yako inafuata piano. Sikio lako linafuata uwiano. Hesabu yenyewe ni hii: hamoniki ya 5 ya droni iko Hz 873.1, na hamoniki ya 2 ya A ya Hz 440 iko 880. Tofauti ni 6.9, ndiyo ile mipwito saba. La ina tabia hiyo hiyo: halisi ni senti 884, ya piano ni 900.

Kwenye freti ya 5 senti moja ni kama milimita 0.25. Kwa hiyo mi iko milimita 3.5 nyuma ya mstari, upande wa nati, na hizo si kidogo: jicho litakataa kabisa. Kwa sababu hiyo zoezi hili lifanywe macho yamefungwa. Weka chuma mbele kidogo ya mstari wa freti ya 5, piga uzi wa 1, kisha kirudishe nyuma polepole. Mpwito utatulia taratibu, utakoma, kisha utaanza tena upande wa pili. Vuka mahali pa utulivu mara kadhaa, halafu simama katikati yake. Fungua macho utazame chuma kilipo. Rudia kwenye uzi wa 5.

Mambo yanayoharibu zoezi hili:

Ukiteleza kutoka chini, yaani kuanzia freti ya 4, utapita sehemu nyingine ya utulivu, milimita 4 hivi mbele ya mstari wa 4. Hiyo ni mi ndogo halisi, senti 316, na ni ya nyimbo za huzuni. Usisimame hapo ukidhani umefika. Kwa mi ndogo piano inakosea upande wa pili: yake iko chini mno.

Usihukumu mguso wa kwanza. Subiri nusu sekunde uzi utulie, ndipo usikilize.

Zima nyuzi nyingine kwa kiganja cha kulia. Uzi wa 2 ukilia chinichini, utasikia mipwito miwili na hutajua ni upi unaofukuza.

Dakika 15 au 20 zinatosha kwa kikao kimoja. Baada ya hapo sikio huchoka na kuanza kukubali chochote.

Sasa linakuja swali la kodi. Ukipiga do na mi pamoja kwa chuma kilichonyooka, huwezi kurudisha mi milimita 3.5 ukaiacha do. Jibu langu ni kutuni upya nyuzi zenyewe. Hamisha droni iende C, piga uzi wa 1 ukiwa wazi (bila chuma), ulegeze mpaka mpwito ufe. Fanya hivyo kwa uzi wa 5, kisha A ya uzi wa 3, mwisho G ya uzi wa 4 uipandishe kidogo sana. Ukiangalia tyuna baadaye utaona E ziko karibu na −14, A karibu na −16, G karibu na +2. Usianze na namba hizo ukazinakili. Tuni kwa sikio, namba ziwe ushahidi tu. Wapigaji wa stili ya pedali wenye mpangilio wa E9 huzishusha nyuzi zao za G♯, ambazo ndizo mi ya mpangilio huo, kwa sababu hii hii.

Kuna gharama mbili. Kwanza, uzi ulioushusha ukitumika kwa kazi nyingine unadai fidia. Droni ikiwa C, so kwenye uzi wa 1 ni freti ya 3, na sasa iko chini kwa senti 16: sogeza chuma milimita 4.4 mbele ya mstari. Pili, ukipiga pamoja na piano, mi yako ya utulivu itasikika imeshuka. Kwa kazi hiyo shusha E kwa nusu tu, senti 7 hivi, ukubali mpwito kidogo pande zote mbili.

Hatua ya 6: Kutua bila kutafuta

Kuteleza ukitafuta noti ni hatua ya kujifunzia, siyo namna ya kupiga. Rudisha droni F. Uzi wa 2 peke yake: do freti ya 5, mi freti ya 9, so freti ya 12, kisha rudi. Zima uzi kwa kiganja, sogeza chuma, tua, ndipo upige. Ukikosea usirekebishe kwa kuteleza. Sema kwa sauti "juu" au "chini", inua chuma, anza upya. Anayejirekebisha kila mara anafundisha mkono kukosea kisha kuomba radhi.

Angalia kwamba kwenye uzi huu, ambao hukuushusha, mi iko nyuma ya mstari wa 9 kwa milimita 2.7. Kwenye uzi wa 1, ambao sasa umeushusha, inaangukia mstarini. Kila uzi una ramani yake, na droni ndiyo inayoichora.

Kichwa kiwe juu ya chuma. Ukitazama kwa pembeni unaona ukingo wa chuma, wakati kinachogusa uzi ni mstari wa katikati chini yake.

Hatua ya 7: Vibrato (kutikisa noti)

Mwisho, siyo mwanzo. Shikilia noti kavu sekunde mbili, uhakikishe droni iko kimya nayo, kisha utikise kwa usawa pande zote mbili. Upana upungue unapopanda shingo: milimita moja kwenye freti ya 12 ina senti mara mbili ya ilivyo karibu na nati.

Hatua ya 8: Mshazari

Tumia nyuzi 2 na 5, droni F. Anza chuma kikiwa wima freti ya 5 (A chini, F juu). Kisha uzi wa 5 freti ya 6 na uzi wa 2 freti ya 7, ncha ya chuma ikielekea daraja: B♭ na G. Kisha 8 na 9: C na A. Malizia wima freti ya 10: D na B♭.

Kwenye kila pozi piga uzi wa 2 kwanza dhidi ya droni, kisha wa 5, kisha zote mbili. Ikilazimu kuchagua, sikio la msikilizaji linafuata uzi wa juu. Huo uwe safi. Kosa la kawaida ni kupinda kifundo cha mkono ili kupata mshazari, na mkono wote ukarudi nyuma bila kujua, noti zote mbili zikashuka. Geuza chuma kwa kusukuma kisigino chake kwa dole gumba, kifundo kibaki kilipo. Nyuzi 3 na 4 zilizo katikati zifunikwe na kiganja cha kulia, la sivyo zitalia noti zisizo na jina.