Ngozi ya mbuzi wa Idi: namna ya kuitengeneza msala bila ya manyoya kunyofoka

Kila Mfunguo Tatu (Dhulhija), baada ya sala ya Idi, hapa Wete, Pemba, mbuzi huchinjwa takriban kila mtaa. Jioni yake ngozi utaziona jaani, au zimeanikwa juu ya mabati zikijikunja. Roho huniuma, maana ngozi ile ile ingeweza kuwa msala wa kusalia nyumbani.

Nami nilianzia kwenye mabati. Ngozi yangu ya mwanzo niliianika juani siku ile ile ya Idi, ikakauka upesi, nikafurahi. Siku ya nne nilipoiroweka, manyoya yakatoka mafungu mafungu na harufu ikanipasua pua. Mjomba ndiye aliyenifahamisha: jua kali hukausha juu tu, pakawa kama ganda, na unyevu wa katikati ukakosa pa kutokea, ngozi ikaoza kwa ndani. Tangu hapo kila anayekuja kwangu kujifunza namwambia kuwa ngozi huharibika siku ya kwanza. Wengi hulaumu shabu (alum), ile dawa ya kutengenezea ngozi, na shabu haina makosa.

Huu ni mwongozo wa ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake. Ngozi ya kuwambia ngoma ina njia nyingine: hutolewa manyoya ikawambwa mbichi, haitiwi shabu. Vijana huniuliza pia ngozi ya paa wa kunaswa. Hiyo sifundishi. Paa nunga wa Unguja wamebaki wachache na wanalindwa, na kitanzi hakichagui kinachomnasa.

Kabla ya kuchinja

Zungumza na mchinjaji mapema. Akishapasua njia ya tumboni na ya miguuni, aweke kisu chini achune kwa ngumi, akisukuma baina ya nyama na ngozi. Kila kisu kinapoteleza huacha mkato usioonekana, na mkato huo utafunguka tundu siku utakapoivuta. Kama mbuzi ni wa udhhiya (ibada ya kuchinja ya Idi), mchinjaji mlipe fedha. Ngozi isiwe ndiyo ujira wake, wala wewe usiiuze. Mbuzi aliyekufa mwenyewe usimguse kabisa. Mbali na hukumu yake, kuna kimeta, na kimeta humpata mtu kupitia ngozi na manyoya.

Saa ya kwanza

Ngozi inatoka na joto la mnyama. Usiikunje, usiitie mfukoni, usiiweke ikusubiri mpaka pilau liishe. Itandaze kivulini juu ya sakafu, manyoya chini, ipoe. Suuza damu kwa maji baridi haraka, ichuruzike, kisha toa mafuta na mabaki ya nyama yanayong'oka kwa mkono. Palipo na mafuta chumvi haipiti.

Chumvi

Ngozi mbichi ya mbuzi wa kawaida huwa kiasi cha kilo mbili. Tumia kilo moja ya chumvi laini kwa mpako wa mwanzo. Chumvi ya mawe ya mashambani kwetu ni nzuri, ila itwange kwanza, kwani punje kubwa huacha mapengo. Isugue kwa kiganja upande wa nyama, na usisahau kingo, shingo na ngozi ya miguu iliyojikunja. Pembeni ndipo pa kuoza mwanzo.

Iweke juu ya ubao ulioinama, ndani ya banda lenye upepo. Maji yatatoka mengi, na hayo ndiyo unayoyataka. Kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa na upake nusu kilo nyingine mpya. Siku ya tatu au ya nne itakuwa imekakamaa kidogo na haitoi maji tena. Hapo unaweza kupumua. Ngozi iliyoshika chumvi hukusubiri wiki kadhaa mahali pakavu.

Idi hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na inazidi kuingia ndani ya masika. Hewa ikiwa nzito namna hiyo, usicheleweshe chumvi hata saa mbili.

Kukwangua

Iroweke usiku mmoja katika maji yenye gao mbili za chumvi (viganja viwili), ilainike. Ioshe kwa sabuni ya maji, isuuze, kisha ilaze juu ya gogo laini au paipu nene ya plastiki iliyoinama, upande wa nyama juu.

Shika kisu butu kwa mikono miwili, usukume kutoka kwako kwenda chini. Unachokitafuta ni utando mwembamba unaong'aa kama ganda la kitunguu. Wanaoanza huona nyama imekwisha wakadhani kazi imekwisha, kumbe utando bado umeshika, na shabu itakomea juu yake. Mimi ngozi moja hunichukua asubuhi nzima. Karibu na matiti na kwapani punguza nguvu, ngozi hapo ni nyembamba kama karatasi. Vaa glavu, chumvi ikiingia kwenye mchubuko utajuta.

Shabu

Katika pipa la plastiki (la chuma huliwa na shabu) tia maji lita sita, shabu iliyosagwa nusu kilo na chumvi robo kilo. Yeyusha shabu kwanza katika maji ya moto, kisha changanya na uache yapoe kabisa. Maji ya moto huipika ngozi ikajikunyata, wala hairudi. Wengine huongeza magadi. Mimi sitii, maana ukizidisha huwezi kurudi nyuma.

Zamisha ngozi yote. Ikielea, ongeza maji kwa vipimo hivyo hivyo. Igeuze asubuhi na jioni, kwa siku nne hadi sita. Kujua kama tayari, kata kipande chembamba cha ngozi pembeni mwa shingo, ndipo penye unene: ndani pawe peupe pote. Ukiona mstari wa rangi ya maji katikati, irudishe.

Mikandaa, aina ya mikoko, nayo huitengeneza ngozi vizuri kwa magome yake, lakini huchukua wiki nyingi, hupaka manyoya wekundu, na kukata mikoko kunataka kibali.

Kuilainisha

Ngozi ikichuruzika, iwambe kwa kamba kwenye fremu ya miti, kivulini. Kazi ya mikono huanza ingali chepechepe, inapoanza kugeuka nyeupe ukiivuta. Ukiwahi, unasumbuka bure. Ukichelewa, unapata ubao.

Changanya viini viwili vya mayai na vijiko vitatu vya mafuta ya nazi ya uvuguvugu, upake upande wa nyama. Sifa ya papa (mafuta ya ini lake) hulainisha zaidi, lakini nani atasujudu juu ya harufu ile? Iache ikae saa chache, kisha iburuze mbele na nyuma juu ya ukingo wa ubao, huku na huku, kila upande, mpaka ikauke mikononi mwako. Pahala palipokakamaa pafute kwa kitambaa chenye maji, usubiri, urudie. Mimi hurudia mara tatu. Mwisho sugua upande wa nyama kwa msasa, chana manyoya.

Kuitunza

Shabu hutoka kwa maji. Msala huu usioshwe, na mwenye udhu akaushe miguu kabla ya kuukanyaga. Ukilowa sana utarudi kuwa ngozi mbichi. Ukichafuka, nyunyiza unga wa muhogo mkavu juu ya manyoya, usugue, ukung'ute nje. Siku za masika usiukunje kabatini wala kuutia mfuko wa plastiki. Utundike ukutani upate upepo, na likitoka jua la asubuhi uutoe nusu saa.