SOMO: Mkate planaria, kisha utazame kichwa kikiota

Planaria ni mnyoo bapa wa majini, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mwenye macho mawili yaliyokaa kama ya mtu mwenye makengeza. Zoezi hili nimelifanya na wanafunzi wengi, na hadi leo ikifika siku ya tano nawahi maabara kabla ya kengele. Tayarisha wembe mpya, lenzi ya mkono, sahani nyeupe, barafu kidogo, maini ya ng'ombe, na maji yasiyo na klorini.

Hatua ya 1: Kuwapata. Funga kipande cha maini kwa uzi, ukitumbukize kwenye kijito safi, kando ya mawe yenye kivuli. Baada ya saa moja kivute taratibu; kama wapo, utawakuta wameng'ang'ania nyama. Vaa gambuti na glavu. Maji yaliyotulia yenye konokono huweza kuwa na kichocho, kwa hiyo usiingie miguu mitupu kwa ajili ya somo.

Hatua ya 2: Wiki moja bila chakula. Mnyoo aliyeshiba akikatwa, uchafu wa tumboni humwagika na bakteria huharibu vipande. Usiogope kumshindisha njaa. Planaria hukaa miezi bila kula, akipungua mwili wote kwa uwiano, na akilishwa hurefuka tena.

Hatua ya 3: Kukata. Mweke juu ya karatasi laini iliyolowa, chini yake barafu. Atajikunja. Subiri ajinyooshe, kisha kata mara moja bila kusugua: kichwa, kiwiliwili, mkia. Kila kipande kiweke kwenye chombo chake, mahali penye giza na ubaridi, na maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili.

Hatua ya 4: Kutazama. Jeraha hufumba siku hiyohiyo. Siku ya pili au ya tatu utaona ncha nyeupe isiyo na rangi ya mwili: hiyo ndiyo blastema, nyama mpya. Karibu na siku ya tano, ndani ya weupe ule, hutokea vitone viwili vyeusi. Ni macho. Kipande cha mkia, ambacho hakijawahi kuwa na jicho wala ubongo, sasa kinakimbia mwanga. Wiki mbili zikiisha una minyoo watatu kamili.

Sasa tulia hapa, maana ndipo penye utamu. Wembe ulipopita, seli za upande huu na za upande ule zilikuwa majirani. Zile zikaota mkia, hizi zikaota kichwa. Nani aliziambia?

Wajenzi tunawajua: ni seli shina ziitwazo neoblasti, zilizotapakaa karibu mwili mzima. Mwaka 2011 watafiti Marekani walimpiga mnyoo mionzi hadi seli zake zote zinazogawanyika zikafa, wakampandikizia neoblasti moja tu kutoka kwa mwingine. Akapona, na uwezo wa kuota ukarudi. Lakini wajenzi bila ramani hawajengi nyumba. Mwaka 2008 ramani ilianza kusomeka: watafiti walipozima jeni ya beta-katenini, penye mkia paliota kichwa. Baadaye ikaonekana kwamba ishara za "hapa ni mbele, hapa ni nyuma" hutolewa na seli za misuli. Misuli ileile inayomsogeza ndiyo inayotunza anwani za mwili wake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Kipande kidogo kabisa kinachoweza kuota ni kipi?*
Marahaba. Mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan, kabla hajapata umaarufu kwa kazi ya nzi wa matunda, alikadiria sehemu 1 ya 279 ya mnyoo. Ila chukua tahadhari: ncha ya mbele ya macho haioti, wala koromeo likiwa peke yake, kwa sababu sehemu hizo hazina neoblasti.

*Mnyoo wa kichocho naye ni mnyoo bapa. Naye akikatwa anaongezeka?*
Hapana, dada, haongezeki hivyo. Lakini swali lako ni zito. Mwaka 2013 seli zinazofanana na neoblasti zilipatikana kwa minyoo wa kichocho waliokomaa, na huenda ndizo zinazowawezesha kuishi miaka mingi ndani ya damu ya mtu. Anayemchunguza planaria anachunguza pia namna ya kumdhoofisha ndugu yake huyo.

*Vipande vyangu viwili vimeyeyuka. Nimekosea wapi?*
Mara nyingi ni maji ya bomba au joto. Kilichooza kitoe mara moja, kisije kikaharibu vingine.

*Kwa nini sisi hatuoti mkono? Tumekosa seli?*
Jibu zima halijapatikana, mwanangu, ila angalia kisa hiki. Yuko planaria wa Ulaya, Dendrocoelum lacteum, ambaye akikatwa nyuma ya mwili, kipande cha mkia hakioti kichwa. Neoblasti anazo. Mwaka 2013 watafiti wakapunguza beta-katenini katika kipande hicho, jeni moja tu. Kichwa kikaota, tena chenye kufanya kazi.