Kutoa gari la umeme kwa shirika la hisani: yamalize haya kabla halijaondoka

Thamani ya gari la umeme lililotumika iko kwenye betri. Shirika likipokea gari ambalo hali ya betri yake haijulikani, mara nyingi hulipeleka mnadani, na mnunuzi wa mnadani hukadiria hali mbaya kabisa. Fedha ambazo zingewafikia walengwa zinapotea hapo. Kwa hiyo pima betri kwanza, ndipo upige simu kwa shirika.

Usitegemee kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi chaji ikiwa imejaa. Gari hukadiria kutokana na mwendo wa siku za karibuni, na namba hiyo hupanda na kushuka betri ikiwa ile ile. Chaji hadi asilimia 90, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, kisha endesha mwendo wa kawaida hadi ifike 50. Soma umetumia kilowati-saa ngapi. Zikiwa 12, gawanya kwa 0.4, kwa kuwa umetumia asilimia 40 ya chaji: betri nzima inatoa 30. Kama ilipokuwa mpya ilitoa 38, imebaki na karibu asilimia 79. Usipime siku ya baridi kali, maana betri iliyopoa hutoa kidogo na utaipunja bure.

Nissan Leaf ina vipande 12 vyembamba kando ya kipimo cha chaji vinavyoonyesha uzima wa betri. Tahadhari: kipande cha kwanza huzimika betri ikiwa imeshapungua takriban asilimia 15, kwa hiyo 11 kati ya 12 si karibu na mpya kama inavyoonekana. Programu ya simu iitwayo LeafSpy, pamoja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD2 (ile ya kupimia gari) chini ya usukani, husoma asilimia yenyewe. Piga picha ya matokeo, ya kilomita za gari na ya namba ya chasisi, uziambatanishe na hati. Taja pia tarehe gari liliposajiliwa mara ya kwanza: dhamana ya betri kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, na kwa kawaida hubaki na gari hata likibadilisha mwenyewe.

Hakikisha pia kwamba betri ni yako. Renault Zoe nyingi za miaka ya mwanzo ziliuzwa betri ikiwa ya kukodi kwa malipo ya kila mwezi. Gari la namna hiyo usilitoe kabla mkataba haujanunuliwa au kufungwa kwa maandishi, la sivyo unalibebesha shirika deni.

Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayoharibu makabidhiano mengi. Watu huisahau kwa sababu ile kubwa imejaa. Lakini umeme wa betri kubwa haufiki popote mpaka ile ndogo ifunge swichi zake. Ikifa, milango inaweza kugoma kufunguka, kebo ikanasa kwenye soketi, na gari likakataa kuingia nyutro. Dereva wa lori atashindwa hata kulisukuma. Kama ina zaidi ya miaka 4, ipimwe au ibadilishwe. Gari likisubiri wiki kadhaa, iache betri kubwa kwenye asilimia 50 hivi na uliwashe kila wiki kwa nusu saa ili ile ndogo ichajiwe.

Kuna mtu atakayeliendesha gari hili baada yako, na akaunti yako isimfuate. Anza kwa kufuta mkataba wa kuchaji uliounganishwa na gari. Kwenye vituo vinavyolitambua gari lenyewe, malipo ya chaji ya mmiliki mpya yatakatwa kwako. Kisha futa anwani ya nyumbani, simu zilizounganishwa na namba za kufungulia geti, na urudishe mipangilio ya kiwandani. Kuliondoa gari kwenye programu ya simu kuwe hatua ya mwisho, siku ya kukabidhi, hasa kama simu ndiyo ufunguo. Ukiliacha humo utaendelea kuona lilipo na pengine kufungua milango yake, naye mpokeaji hataweza kulisajili kwa jina lake.

Weka kwenye buti kebo ya kuchajia, adapta zote, ufunguo wa pili, ndoana ya kuvutia na soketi ya nati za usalama za magurudumu. Kebo ni ghali, na bila hiyo gari halichajiki pale lilipo.

Agiza lori la kubeba gari zima, magurudumu yote manne yakiwa juu. Kwenye magari mengi magurudumu yakizunguka huizungusha mota, nayo huzalisha umeme unaoweza kuunguza mitambo. Mwonyeshe dereva sehemu za jeki zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mnyororo au jeki ikikandamiza sakafu inabonyeza kasha la betri.

Gari lililogongwa chini au kuzama majini, hasa ya chumvi, linaweza kushika moto siku nyingi baadaye. Liegeshe nje, mita 15 kutoka jengo lolote, usiguse nyaya za rangi ya machungwa, na ulieleze shirika wazi. Likikataliwa, uliza chuo cha ufundi: betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 ina moduli 48, yaani vifurushi vya seli vinavyoiunda, na fundi aliyesomea kazi hii anaweza kuokoa zilizo nzima.

Siku ya kukabidhi, risiti iwe na namba ya chasisi, kilomita, tarehe, na kauli kama gari litatumika au litauzwa, kwa kuwa nafuu ya kodi mara nyingi hutegemea hilo. Usisaini hati ya umiliki ukaacha nafasi ya jina la mpokeaji wazi. Bima usiisitishe mpaka uone kwa maandishi kwamba umiliki umehama.