Mambo ya kuzingatia kabla ya kuandika kiendeshi cha lango la siriali

Anayeandaa bodi ya kupima mvua na unyevu wa udongo katika mashamba ya chai ya Tukuyu au Mufindi hana budi kulimaliza suala la upana wa kusoma rejista (yaani biti ngapi zisomwe kwa mara moja kutoka kwenye vihifadhi vidogo vya ndani ya chipu) akiwa bado Mbeya mjini, kwenye meza yenye osiloskopu na intaneti, kwa kuwa kosa la aina hii huweza kuinyamazisha hata konsoli (skrini ya maandishi ya kuwasiliana na bodi) ambayo ndiyo ingemweleza tatizo liko wapi.

Mwongozo wa chipu usomwe kwa kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa mno: rejista ina biti ngapi, iko umbali gani na inayofuata, na basi ya ndani (njia ya data ndani ya chipu) inakubali kufikiwa kwa upana gani. Rejista za UART (sakiti inayoendesha lango la siriali) za jamii ya 16550 ni za biti 8, lakini chipu nyingi huzipanga kila baada ya baiti 4, na baadhi hudai zifikiwe kwa biti 32 tu. Katika maelezo ya vifaa ya Linux (device tree), reg-shift yenye thamani 2 hutaja nafasi, ilhali reg-io-width yenye thamani 4 hutaja upana. Kuandika ya kwanza na kudhani kwamba imebeba ya pili ni kujitafutia kukesha. Rejista ya hali ya laini, ambayo ni namba 5, kwa hiyo itakuwa kwenye 0x14 (5 × 4 = 20, yaani 14 kwa heksadesimali), na laini ikiwa imetulia isomeke 0x60.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni kwamba kusoma kwenyewe hubadilisha hali ya kifaa. Kusoma rejista ya kupokea huondoa baiti kwenye foleni. Kwa hiyo pale rejista zilipopangwa bila nafasi, usomaji mmoja wa biti 32 unaweza kugusa nne kwa pamoja, na kipimo cha mvua kikapotea bila ujumbe wowote wa kosa. PL011, ambayo ni UART ya aina nyingine, ina mtego wa upande wa pili: rejista yake ya data hubeba biti 8 za data na 4 za makosa, hivyo anayesoma baiti moja hupata herufi lakini hajui kama imeharibika njiani.

Mpangilio wa baiti (ipi hutangulia) nao uhakikiwe, na itumike readl au writel, vitendakazi vya Linux vya kusoma na kuandika biti 32, badala ya pointa tupu (anwani ya kumbukumbu inayotumiwa moja kwa moja), maana kompaila inaweza kubadili upana.

Mwisho, konsoli ya mapema ijaribiwe kwa mmio32 (chaguo la kuifikia UART kwa biti 32) baada ya kuukata umeme kabisa, kwani kuwasha upya kwa amri huweza kuacha mipangilio ya awali ndani ya rejista.